Kutambua Faili Lisilojulikana

Umekwisha kujifunza kwamba mwishoni mwa jina la faili mna nukta na herufi chache. Herufi hizo huitwa kiendelezi. Kompyuta huzitazama ili ijue programu ya kufungulia faili. Lakini kiendelezi ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Chupa iliyoandikwa "Asali" yaweza kutiwa mafuta ya taa, na maandishi yasibadilike hata kidogo.

Tuseme umepewa flashi yenye mafaili mawili. La kwanza limetoka shule moja ya Iringa, ambako wanafunzi walipima mvua kila siku saa 3 asubuhi, tangu tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili. Linaitwa MVUA.DAT. La pili limenakiliwa huko Mbeya kutoka katika VCD ya zamani ya kwaya. Linaitwa AVSEQ01.DAT. Kiendelezi ni kimoja, lakini moja lina tarakimu na jingine lina picha na sauti. Utayatambuaje?

Kabla ya yote, tengeneza nakala, ufanye kazi kwa nakala hiyo. Faili la kwaya likiharibika, huenda VCD yake ingalipo. Mvua iliyokwisha kunyesha haiwezi kupimwa tena.

Sasa tazama ukubwa. Vipimo vya siku 181 havizidi kilobaiti chache. Video ya VCD huchukua megabaiti 10 hivi kwa kila dakika moja.

Kisha fungua nakala kwa programu ya maandishi matupu, kama Notepad. Ukiona tarehe na milimita, umepata jibu. Ukiona alama za ovyo, usishtuke. Faili halijaharibika, ila halikuandikwa ili lisomwe na macho. Chunguza mwanzo wake. Hati ya PDF huanza na %PDF. Picha ya PNG huanza na alama moja ngeni, kisha herufi PNG. Mafaili yaliyofungwa pamoja katika furushi la ZIP huanza na PK. Faili la VCD lililonakiliwa kwa Windows huanza na RIFF, na mbele kidogo utaona CDXA. Lifunge bila kulihifadhi, kisha ulifungue kwa programu ya video kama VLC. Ukilihifadhi ndani ya programu ya maandishi, wimbo waweza kupotea.

Je, ukiliita AVSEQ01.TXT? Utakuwa umebadili karatasi ya chupa tu.

Jihadhari na jina kama ngoma.mp3.exe. Mara nyingi Windows huficha kiendelezi cha mwisho, nawe ukaona ngoma.mp3. Kumbe EXE ni programu, nayo yaweza kudhuru kompyuta. Usilibofye, mwonyeshe mwalimu.

Zoezi
1. Faili liitwalo SHAMBA.DAT linaanza na %PDF. Ni faili la aina gani?
2. Faili la megabaiti 42 linaitwa MVUA2.DAT. Kwa nini utalitilia shaka? Eleza utakavyolichunguza.