Jipu Katika Katuni: Thamani ya Makusanyo ya Katuni za Zamani kwa Uchunguzi wa Asili ya Maneno

Ikisiri

Makala haya yanajadili ukusanyaji wa katuni za zamani zenye magari ya kijeshi yapitayo pasipo barabara, hususan jipu, na mchango wake katika taaluma ya etimolojia. Kwa kutumia historia ya neno "jeep" katika Kiingereza cha Marekani, makala yanaonesha kwamba baadhi ya sifa ambazo soko la wakusanyaji huzihesabu kuwa kasoro au takataka ndizo zinazompa mwanaisimu ushahidi. Mwishoni yanatoa funzo kwa watafiti wa msamiati wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa katuni za zamani huchukuliwa na wengi kuwa burudani ya watu wenye nafasi na fedha. Dhana hiyo imewafanya wanaisimu wengi kuzipuuza katuni kama data, wakategemea zaidi kamusi, riwaya na nyaraka za serikali. Hata hivyo, katuni ya gazetini ina sifa mbili ambazo ni nadra kupatikana pamoja kwingineko: huhifadhi lugha ya mazungumzo katika vyombo vya maandishi, na huchapwa ikiwa na tarehe kamili.

Miongoni mwa wakusanyaji hao wapo waliojifunga na mada moja, yaani katuni zinazoonesha magari ya kijeshi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na ya miaka iliyofuata. Gari linalotawala makusanyo hayo ni jipu. Gari la kwanza la majaribio la aina hiyo lilitengenezwa na kampuni ya Bantam na kukabidhiwa jeshi la Marekani katika kambi ya Holabird, jimboni Maryland, Septemba 1940. Baadaye kampuni za Willys-Overland na Ford ziliunda zaidi ya magari 600,000 kabla vita havijamalizika mwaka 1945. Gari lililosambaa kiasi hicho halikuweza kukosekana katika michoro ya wakati wake. Swali la msingi la makala haya ni hili: je, michoro hiyo inamfundisha nini mwanaisimu, na ni kwa masharti gani?

2.0 Suala la Asili ya Neno "Jeep"

2.1 Nadharia ya Herufi

Maelezo yaliyoenea zaidi yanadai kwamba neno "jeep" limetokana na herufi GP, zitamkwazo "ji-pi" kwa Kiingereza, na kwamba herufi hizo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "kazi zote". Maelezo haya yanavutia kwa sababu yanaafikiana na matumizi ya gari lenyewe, lakini yana udhaifu mkubwa. Katika mfumo wa Ford, herufi G ilionesha gari lililoundwa kwa mkataba wa serikali, na P ilionesha daraja la umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yaani inchi 80. W iliyoongezwa baadaye katika GPW ilionesha muundo wa Willys. Hakuna herufi yoyote kati ya hizo iliyosimamia "kazi zote".

Aidha, herufi hizo zilikuwa za Ford pekee. Magari ya Willys yaliitwa MA na MB, na la Bantam liliitwa BRC. Nadharia ya herufi inapaswa kueleza ni kwa vipi alama za kiwanda kimoja zikawa jina la magari ya viwanda vyote.

2.2 Ushahidi wa Katuni

Hapa ndipo karatasi zilizohifadhiwa na wakusanyaji zinapoingia. Machi 1936, mchoraji E. C. Segar alimwingiza mnyama mpya katika katuni yake ya mfululizo iitwayo Thimble Theatre, ambamo baharia Popeye alikuwa amekwisha kuwa mhusika mkuu. Mnyama huyo aliitwa Eugene the Jeep. Katika masimulizi ya Segar, mnyama huyo ana asili ya Afrika, hula maua ya okidi, hupita penye vizuizi kwa uwezo wa ajabu, hujibu kila swali kwa ukweli, na sauti pekee aitoayo ni "jeep". Kwa hiyo, jina lake ni tanakali ya sauti yake mwenyewe. Mnyama huyo alipendwa mno hata akaingizwa katika filamu za katuni za mwaka 1938 na 1940.

Tarehe hizi zina uzito. Neno lilikuwa vinywani mwa wasomaji wa magazeti miaka minne kabla gari la Bantam halijafika Holabird. Halikusubiri herufi za Ford ili lizaliwe.

Ushahidi wa matumizi ya askari unaunga mkono hoja hii. Katika vikosi vya deraya vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, "jeep" lilikuwa jina la gari kubwa zaidi la makamanda lililoundwa na Dodge, ilhali gari dogo tunalolifahamu leo liliitwa "peep". Nayo kampuni ya matrekta ya Minneapolis-Moline ilidai kwamba trekta lake la kijeshi ndilo lililoitwa hivyo kwanza. Neno linalohama kutoka gari moja hadi jingine kwa namna hii linaelekea kuwa lakabu ya sifa, yaani kitu kinachopenya kila mahali kama mnyama wa Segar, kuliko kuwa ufupisho wa jina rasmi la kiwanda kimoja. Mwanzoni mwa 1941 gari la Willys lilipandishwa ngazi za jengo la Bunge mjini Washington. Taarifa ya magazeti kuhusu tukio hilo ililifanya jina "jeep" lijulikane kwa umma, na hatimaye likatulia juu ya gari hilo dogo. Willys waliliandikisha kuwa alama yao ya biashara mwaka 1950.

Haina maana kwamba herufi hazikuwa na mchango wowote. Yamkini mwanajeshi aliyeona GP katika karatasi za Ford alipata sababu ya ziada ya kulitumia neno alilokwisha kulizoea katika katuni. Asili mbili zinaweza kuimarishana. Lakini utaratibu wa wakati ni wazi: katuni ilitangulia, herufi zikafuata.

3.0 Aina za Data Katika Makusanyo

3.1 Matoleo na Tarehe

Hoja ya sehemu iliyotangulia inasimama juu ya tarehe. Ikiwa mkusanyaji amekata katuni kutoka gazetini na kutupa ukingo wa karatasi wenye tarehe, amehifadhi picha na kuharibu hati. Hatari hiyo huongezeka kwa sababu vitabu vingi vya katuni vya miaka ya 1930 vilichapa upya katuni zilizokwisha kutoka magazetini. Mtafiti anayetegemea toleo la pili huweza kulipa neno umri usio wake.

Mfano mwafaka ni kisa cha Tintin katika nchi ya dhahabu nyeusi, kilichochorwa na Mbelgiji Hergé. Kisa hicho kilianza kuchapwa mwaka 1939, kikakatizwa Mei 1940 Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, kikaanza tena mwaka 1948 na kutolewa kama kitabu mwaka 1950. Katika kitabu hicho wapelelezi wawili wanaofanana huzunguka jangwani kwa jipu jekundu, wakifuata nyayo za gari lao wenyewe. Kisa kilipoanza, gari la aina hiyo halikuwa limeundwa popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kitabu kilibadilishwa tena. Kwa hiyo jina moja la kisa linabeba hati tatu za nyakati tatu, na gari lililochorwa ni mojawapo ya vitambulisho vya toleo.

3.2 Katuni Isiyo na Maneno

Mwaka 1944 askari Bill Mauldin, aliyekuwa akichorea gazeti la wanajeshi la Stars and Stripes, alichora sajini mzee wa kikosi cha farasi akiwa amefunika macho kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiielekezea bastola jipu iliyovunjika ekseli. Mchoro hauna neno hata moja. Anayejua desturi ya wapanda farasi ya kumpiga risasi farasi aliyevunjika mguu ili kumwondolea mateso huelewa mara moja. Kisemantiki, mchoro unathibitisha sitiari ambayo kamusi haiwezi kuirekodi: jipu imerithi nafasi ya farasi, na imerithi pia hisia za mpanda farasi. Mauldin alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1945.

3.3 Katuni za Mafunzo

Aina ya tatu ni katuni za matunzo ya magari. Will Eisner, aliyeandikishwa jeshini wakati wa vita, alichorea jarida la Army Motors mhusika Joe Dope, askari mzembe ambaye makosa yake yaliwafunza wenziwe kutunza magari kabla hayajaharibika. Mwaka 1951, wakati wa Vita vya Korea, jeshi lilianzisha jarida dogo la kutia mfukoni liitwalo PS, na Eisner akaliongoza kisanaa hadi mwaka 1971. Herufi za jina hilo ni zile ziandikwazo chini ya barua iliyokwisha kutiwa sahihi: jarida lilikusudiwa kuwa nyongeza ya vitabu rasmi vya ufundi.

Kwa mwanaisimu, hapa pana data adimu ya rejesta. Kifaa kile kile huelezwa katika kitabu rasmi kwa sentensi ndefu zisizo na mtendaji, na katika katuni kwa amri fupi, mizaha na msimu wa karakana. Hata jina la mhusika Connie Rodd ni mchezo wa maneno juu ya jina la kipande cha injini. Matoleo ya kipindi cha Eisner yamewekwa katika mfumo wa kielektroniki na maktaba za Virginia Commonwealth University, hivyo mtafiti huweza kuyasoma bila kununua nakala hata moja.

4.0 Thamani ya Soko na Thamani ya Ushahidi

Soko la katuni hupima nakala kwa usafi wake. Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC imekuwa ikizipa nakala alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha kuzifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Alama ya mafuta ya injini, jina la askari lililoandikwa kwa kalamu au maelezo ya ukingoni hushusha bei. Kwa mtafiti, alama hizo hizo ndizo zinazoonesha kwamba nakala ilisomwa, ilisomwa wapi na nani. Nakala iliyofungwa haiwezi kufunuliwa bila kuvunja kasha, na hivyo kupoteza hadhi yake ya soko. Imekuwa kitu cha kutazamwa wala si cha kusomwa.

Hali hii inazidi uzito tukikumbuka uchache wa mabaki. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi, ambayo huifanya iwe manjano na kumeguka inapokaa katika mwanga, joto na unyevu. Tena, katika miaka ya vita wananchi wa Marekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu kwa matumizi ya vita, na katuni nyingi zikaenda na taka hizo. Baadaye maktaba nyingi zilipiga magazeti picha za mikrofilamu za rangi nyeusi na nyeupe, kisha zikatupa magazeti yenyewe pamoja na rangi za kurasa za Jumapili.

Aliyejitokeza kuyaokoa ni Bill Blackbeard, mkusanyaji wa California ambaye tangu mwaka 1968 alipokea majuzuu yaliyokuwa yakitupwa na maktaba. Shehena yake ya tani 75 ilipelekwa katika chuo kikuu cha Ohio State kwa malori sita mwanzoni mwa 1998. Leo ni sehemu muhimu ya maktaba ya katuni ya Billy Ireland. Umuhimu wa kazi yake hautokani na nakala chache za bei kubwa, bali na mfululizo: siku baada ya siku, tarehe baada ya tarehe. Mfululizo ndio unaomwezesha mtafiti kusema neno halikuwapo jana na limekuwapo leo.

5.0 Funzo kwa Kiswahili

Neno lenyewe limefika Afrika Mashariki. Umbo "jipu" linafuata kanuni iliyozoeleka ya utohozi: neno likiishia na konsonanti ya mdomo huongezewa irabu /u/, kama katika "stempu" na "pampu". Baada ya utohozi huo, neno lilikutana na nomino ya zamani "jipu", yaani uvimbe wenye usaha, likawa homonimu yake. Upatanisho huweza kuyatenganisha pale msemaji anaposema "jipu imeharibika" dhidi ya "jipu limeiva", lakini wengi husema "jipu limeharibika", na wingi "majipu" hubeba maana zote mbili. Tangu Novemba 2015, Rais John Magufuli alipoifanya "kutumbua majipu" kuwa kaulimbiu ya kupambana na ufisadi, katuni yenye neno hilo haiwezi kufasiriwa kwa uhakika bila kujua tarehe yake na kuiona picha yake.

Sambamba na hilo, gari la Land Rover, lililooneshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948 na ambalo wabunifu wake waliiga jipu, limetupa nomino ya kawaida "landrova". Uhusiano wa maneno haya mawili katika magazeti ya Kiswahili ni mada inayostahili tasnifu. Askari wa King's African Rifles walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili, na jeshi liliwachapishia magazeti kwa Kiswahili, likiwamo Heshima. Nyaraka kama hizo, pamoja na katuni za magazeti na majarida yaliyofuata, likiwamo Sani, ndizo mahali pa kuanzia. Mwanafunzi atakayezikusanya azingatie mambo manne: aihifadhi kurasa nzima badala ya kukata picha, anakili tarehe na namba ya toleo, asifute maandishi ya wasomaji, na atafute mfululizo kabla ya kutafuta nakala safi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mzozo kuhusu asili ya neno "jeep" hauamuliwi kwa uzuri wa maelezo bali kwa karatasi yenye tarehe, na kwamba karatasi hiyo imehifadhiwa zaidi na wakusanyaji kuliko na taasisi zilizopaswa kuitunza. Imebainishwa pia kwamba mkusanyaji na mwanaisimu hawapimi kwa mizani moja. Magazeti ya Kiswahili ya karne iliyopita yamechapwa kwa karatasi ile ile yenye asidi, katika nchi zenye joto na unyevu zaidi. Kazi ya kuyakusanya haingoji, kwa kuwa ukurasa ukishameguka hakuna nadharia itakayorudisha tarehe yake.