Metifomini Haikuandikwa

Nimeombwa somo la afya kwa toleo hili. Nitaanza na kosa ambalo nami nina fungu langu ndani yake.

Mama yangu mkubwa, wa hapa Buyenzi, ana kisukari. Mwaka jana alipasuliwa ngiri. Aliambiwa siku ile asimeze metifomini, jambo la kawaida kabla ya upasuaji. Alipotoka alipewa karatasi yenye dawa mbili: ya kuua vijidudu na ya maumivu. Mimi, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa 3, niliisoma mara mbili na sikuona kilichokosekana.

Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa bado kinatoa usaha. Tukampima: sukari iko juu sana.

“Mwanangu, si waliniambia niache?”

Waliomwambia aache walikuwepo. Wa kumwambia aanze tena hakuwepo, na karatasi ya hospitali kwetu haibishiwi.

Tukisema kosa la dawa, wengi hufikiria sindano isiyo yake. Lakini mara nyingi kosa ni dawa iliyosahauliwa mgonjwa anapohamishwa: kutoka nyumbani kwenda wodini, wodini kwenda chumba cha upasuaji, kisha kurudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha kampeni yake ya usalama wa dawa mwaka 2017, liliweka uhamisho huu kati ya mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza.

Kabla ya upasuaji, kila dawa ina hukumu yake. Warfarini, inayozuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla. Dawa za moyo za kundi la atenololi hazikatwi ghafla. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachishwi insulini yote, hata akiwa hajala, dozi hurekebishwa. Kwa hiyo “acha dawa zako zote” si maelekezo.

Baada ya upasuaji, angalia parasetamoli. Mtu mzima hazidishi gramu 4 kwa siku, lakini mgonjwa hupewa kwenye dripu, na jioni ndugu anamletea vidonge vilevile kutoka nyumbani, kwa huruma tu.

Na sisi tuna letu. Aliyekuwa amefunga Ramadhani huenda alihamishia vidonge kwenye futari na daku, naye daktari anadhani vilimezwa asubuhi. Habasoda na dawa za majani nazo zitajwe, msione haya.

Ukimsindikiza mgonjwa, beba dawa zake zote katika mfuko mmoja. Akitoka, usiondoke kabla hujauliza: ipi imesimamishwa, inaanza tena lini, ipi ni mpya?

Kidonda cha mama kilifunga mwezi uliofuata. Sasa anaweka pakiti zake kwenye kopo la maziwa ya unga, na nikifika tu ananisomesha moja moja.