Kitabu cha kwanza na msimu wa korosho

Swali: Nimechapisha riwaya yangu ya kwanza. Je, niiuze kwenye maonyesho ya Nane Nane? – Msomaji, Newala

Jibu: Nenda kwenye viwanja vya Nane Nane vya Ngongo, Lindi, lakini nenda ukajulikane kwanza. Agosti mkulima wa Newala au Masasi bado anagharamia mikorosho, salfa na vibarua; fedha humfikia baada ya minada ya korosho, kuanzia Oktoba hivi, kupitia chama chake cha msingi cha ushirika. Utasema mwenye fedha za korosho hununua bati, si hadithi. Ni kweli bati litatangulia, ila bei ya riwaya moja haishindani na paa. Kinachomzuia ni kutokijua kitabu. Kwa hiyo Ngongo wasomee watu ukurasa mmoja kwa sauti, andika namba za waliovutiwa, uwatafute Novemba. Nakala nyingi zisubiri minada.