Kumsaidia Ng'ombe Anayeshindwa Kuzaa Bila Kuambukizwa: Somo kwa Wafugaji na Wahudumu wa Afya wa Tarime na Serengeti

Utangulizi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ng'ombe ni akiba ya kaya, ni mahari, ni ada ya shule na ni maziwa ya watoto. Ng'ombe anaposhindwa kuzaa usiku, mwenye boma hangoji kupambazuke. Huita majirani, huvua shati na kuingiza mkono. Mara nyingi ndama huokolewa.

Wiki chache baadaye, mtu yuleyule aweza kufika zahanati akiwa na homa inayopanda na kushuka, jasho jingi la usiku, uchovu na maumivu ya kiuno. Hupimwa malaria, isionekane. Hupewa dawa za homa ya matumbo, hupata nafuu kidogo, kisha homa hurejea. Katika safari hiyo yote huenda asipatikane hata mtu mmoja wa kumwuliza kama amemzalisha ng'ombe.

Somo hili linaeleza namna ya kumsaidia ng'ombe kwa usalama, namna ya kumtambua mgonjwa aliyeambukizwa zizini, na namna jarida dogo la wafugaji linavyoweza kuunganisha kazi ya afisa mifugo na ya mganga.

Kwa nini uzazi hukwama

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Sababu za kawaida za kukwama ni mtamba kupandwa kabla mwili haujakomaa, ndama kuwa mkubwa kuliko nyonga za mama, na ndama kukaa vibaya tumboni. Ng'ombe wa asili mwenye umbo dogo akihimilishwa kwa mbegu za dume wa aina kubwa, hatari ya ndama kuzidi njia huongezeka. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kumchagulia mtamba dume anayelingana na umbo lake na kuandika tarehe ya kupandwa.

Chupa ya maji ya uzazi ikishatokeza, ng'ombe aliyewahi kuzaa hutarajiwa kuzaa ndani ya saa moja hivi. Mtamba huweza kuchukua hadi saa mbili. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mabadiliko yoyote, achunguzwe na afisa mifugo aitwe. Kuchelewa humwua ndama. Haraka isiyo na utaratibu huchana kizazi cha mama.

Hatua za kusaidia

1. Osha sehemu za nyuma za ng'ombe kwa maji safi na sabuni. Vaa glavu ndefu zinazofika begani, kisha zilainishe kwa maji ya sabuni au mafuta safi.

2. Tambua mkao. Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, kichwa kikiwa kimelala juu yake. Ukipata mguu, kunja viungo viwili vya kwanza kuanzia kwato: vikikunjika kuelekea upande mmoja, huo ni mguu wa mbele, vikikunjika kwa pande zinazopingana, huo ni mguu wa nyuma.

3. Mguu ukiwa umekunjwa au kichwa kikiwa kimegeukia nyuma, usivute. Msukume ndama ndani polepole wakati ng'ombe hasukumi, ndipo unyooshe kiungo. Funika kwato kwa kiganja ili lisichane kizazi.

4. Funga kamba safi juu ya kifundo cha kila mguu. Vuta pale tu ng'ombe anaposukuma, na upumzike anapopumzika. Kichwa na mabega vikishatoka, vuta kwa kuelekeza chini. Nguvu za watu wawili hutosha. Zikishindwa, tatizo ni mkao au ukubwa wa ndama. Kuongeza watu au kumfunga ndama kwa maksai ni kumwua mama.

5. Ukigusa mkia pekee bila miguu, au usipoweza kurekebisha mkao, acha na umsubiri mtaalamu.

6. Ndama akitoka, safisha pua na mdomo, msisimue puani kwa jani kavu, na upake kitovu dawa ya ayodini. Usimpulizie pumzi kwa mdomo wako. Apewe maziwa ya dang'a ndani ya saa sita za kwanza.

7. Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likibaki, usilivute kwa mkono. Mwite afisa mifugo.

Hatari kwa msaidizi

Maji ya uzazi, damu, kondo na ndama aliyetupwa huweza kubeba vimelea vya brusela, yaani ugonjwa wa kutupa mimba, pamoja na vya homa ya Q. Vimelea vya brusela hupita kwenye mikwaruzo ya ngozi, machoni na kwa hewa iliyovutwa, na pia katika maziwa yasiyochemshwa. Vya homa ya Q huvutwa hasa pamoja na vumbi la zizi lililochafuliwa na uzazi. Ng'ombe anayetupa mimba katika miezi ya mwisho, au anayebakiza kondo, ashukiwe kuwa na brusela hadi vipimo vionyeshe vinginevyo.

Baada ya mvua kubwa, ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, homa ya Bonde la Ufa ishukiwe na taarifa itolewe siku hiyohiyo. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 100 nchini Tanzania.

Kinga ni rahisi kutaja: glavu, vidonda kufunikwa, kunawa kwa sabuni, kondo na ndama mfu kuzikwa kwa kina au kuchomwa bila kuachiwa mbwa, na maziwa kuchemshwa. Kugandisha maziwa si mbadala wa kuyachemsha. Mwanamke mjamzito asishiriki kuzalisha mnyama wala kusafisha zizi baada ya uzazi, kwani maambukizi haya huweza kuharibu mimba yake.

Swali moja zahanatini

Katika utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kwa hakika walikuwa 14 tu. Kwa wagonjwa waliochunguzwa zaidi, magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama yalionekana kwa takriban robo. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko Kilimanjaro, hivyo idadi hizo haziwezi kuhamishiwa Mara kama zilivyo, na kipimo cha malaria kibaki cha kwanza. Funzo ni kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, uchunguzi ndipo unapoanza.

Swali la kuuliza ni hili: "Katika miezi miwili iliyopita, umemzalisha mnyama, umeshika kondo au mimba iliyotupwa, au umekunywa maziwa mabichi?" Jibu likiwa ndiyo, na homa ikiwa ya muda mrefu yenye maumivu ya viungo au kiuno, au uvimbe wa korodani, mgonjwa apimwe brusela au apewe rufaa. Mwenye homa pamoja na kutokwa damu, kuchanganyikiwa au kupungukiwa na uwezo wa kuona apewe rufaa mara moja.

Brusela hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida kwa wiki sita. Mgonjwa hupata nafuu mapema na kushawishika kuacha. Akiacha, ugonjwa hurudi. Wajawazito na watoto wadogo huchaguliwa dawa tofauti, hivyo mtu asimgawie mwenzake vidonge vyake.

Jarida la wafugaji

Maarifa haya hayamfikii mwenye boma yakibaki katika faili la ofisi. Karatasi moja iliyokunjwa, ikitolewa kila mwezi na afisa mifugo wa kata pamoja na zahanati, inatosha. Ibandikwe mnadani, kwenye josho na zahanati, na isomwe kwa sauti kwenye mikutano ya kijiji, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji.

Ukurasa wa kwanza uwe na mchoro wa mkao sahihi wa ndama na wa kutofautisha miguu. Wa pili uwe na kalenda ya kuhesabia siku za kuzaa. Wa tatu ueleze dalili kwa binadamu na lile swali la zahanati. Wa mwisho uwe na simu za kuitia msaada na idadi ya mimba zilizotupwa katika kata mwezi huo.

Idadi itolewe bila jina la boma. Mfugaji akiogopa kwamba ng'ombe wake watakosa bei mnadani, ataficha mimba iliyotupwa, na mhudumu wa afya atakosa onyo lake la mapema.

Maswali ya kujipima

1. Ni lini ng'ombe anayesukuma achunguzwe?
2. Utatofautishaje mguu wa mbele na wa nyuma wa ndama?
3. Kwa nini mjamzito asisafishe zizi baada ya ng'ombe kuzaa?
4. Mgonjwa wa homa asiye na malaria aulizwe nini?