KUPANGA MICHEZO YA KOMPYUTA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili hutumiwa sana kwa fedha na mifugo, lakini siku hizi lafaa pia kwa michezo ya kompyuta. Watu wengi hununua michezo mingi kuliko wawezavyo kuicheza, hata wasijue wana nini. Katika likizo ya Juni baba mdogo, akaaye Pasua, alinipa kazi ya kuipanga michezo yake. Napenda kuwaelezeni, wasomaji wapenzi, jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Kwanza, hesabu. Nilichukua daftari nikaandika jina la kila mchezo, aina yake, ukubwa wake na hali yake. Hali ni nne: uliokwisha, unaochezwa, unaongoja, na ulioachwa. Michezo yote ilikuwa 112. Iliyokwisha ilikuwa 19 tu.

Pili, mafungu. Maktaba nyingi hufuata mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, unaogawa elimu mafungu 10. Kitabu hukaa rafu moja tu, maana hakiwezi kuwa mahali pawili. Mchezo wa kompyuta hauna shida hiyo. Programu ya Steam, iliyoanza mwaka 2003, huruhusu mchezo mmoja kuingia katika mafungu kadha. Mchezo wa mpira waweza kukaa katika fungu la mpira, na pia katika fungu la michezo ya watu wawili. Lakini mafungu yasizidi sita au saba, yasije yakawa msitu mwingine.

Tatu, nafasi. Diski yenye terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000, na mchezo mmoja mkubwa waweza kula gigabaiti 100. Basi iliyokwisha na iondolewe. Mchezo ulionunuliwa Steam waweza kupakuliwa tena bila kulipiwa bei mara ya pili, ila bando litakwenda. Kabla ya kuuondoa, nakili kwanza faili zinazoonyesha mchezaji alipofika, kwa kuwa si michezo yote inayozihifadhi kwenye intaneti. Tena tujue kwamba tunachonunua ni ruhusa ya kutumia, wala si mali kamili. Tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe humtangazia mnunuzi hivyo. Nayo maduka ya Nintendo ya Wii U na 3DS yalifungwa Machi 2023, hayauzi tena.

Nne, na ndilo jambo kubwa, wakati. Michezo 93 haijakwisha. Tuseme kila mmoja wataka saa 15. Jumla ni saa 1,395. Achezaye saa 2 kila siku atamaliza baada ya siku 698, karibu miaka miwili! Baba mdogo aliitazama hesabu hiyo kwa kitambo, kisha akachagua michezo mitatu tu, akasema hatanunua mwingine mpaka hiyo iishe.

Sisi wa Kidato cha Nne tunangojewa na mtihani wa Taifa mwezi wa Novemba. Niliporudi bwenini niliandika mada za masomo yangu kwa mpango ule ule: zilizokwisha, zinazosomwa, na zinazongoja. Fungu la zilizoachwa sikuliweka. Mchezo waweza kuuacha usiulizwe neno. Mada ukiiacha, utaulizwa.