SOMO: SIKU SABA, NA SABA TENA

Mama mpendwa, wakumbuka Julai 2020? Makanisa ya Kenya yalifunguliwa: watu 100, ibada saa moja tu. Lakini aliyepita miaka 58 akaambiwa abaki nyumbani. Mzee wako anakohoa chumbani, wajukuu wanakupungia mkono dirishani. Ukalia, "Bwana, hata kanisani nimefukuzwa?"

Fungua Walawi 13:4-5. Kuhani alimtenga mgonjwa siku saba, akamwangalia, akamtenga saba tena. Jumla 14, sawasawa na karantini ya korona! Kutengwa hakukuwa hukumu ya dhambi. Tena kuhani alihesabu siku, akamwangalia mtu wake. Kanisa ambalo halikukupigia hata simu lilikosa, mama, siyo wewe.

Kama uchungu huo ungali moyoni, omba hivi: Bwana Yesu, uliniona chumbani. Nisaidie niwasamehe. Amina.