Petroli Ipi Yafaa Motokaa Yako?

Mkulima wa shamba la makazi aliye na pikapu ya kupeleka maziwa, viazi na kabichi sokoni hununua petroli mara nyingi kuliko mbolea. Hata hivyo ni wachache wajuao maana ya namba iitwayo okteni. Mmoja hulipa zaidi bure. Mwingine hutaka kuokoa shilingi chache, kisha hupoteza injini nzima.

Tazama kwanza kazi ya injini. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Kisha plagi hutoa cheche, moto huenea kwa utaratibu na kuisukuma pistoni chini. Lakini hewa ikibanwa hupata joto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu, utaona. Basi petroli isiyofaa, ikibanwa hivyo, hujiwasha yenyewe upande mwingine wa silinda kabla moto wa plagi haujafika. Hapo ndipo injini hugonga, kwa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa mkebeni. Utaisikia hasa gari likipanda mlima na mzigo kwa gia kubwa. Ukiacha kugonga kuendelee, pistoni yaweza kutoboka.

Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyokataa kujiwasha. Wataalamu walichagua vimiminiko viwili: aisooktani, isiyojiwasha upesi, wakaipa 100; na heptani, ijiwashayo upesi sana, wakaipa 0. Petroli ya 95 huhimili kubanwa sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za aisooktani na 5 za heptani. Angalia vizuri: namba hii haipimi nguvu. Injini iliyotengenezwa kwa petroli ya 91 haipati faida ya maana ukiilisha ya 98.

Namba ya gari lako utaipata katika kitabu chake, au ndani ya kifuniko cha tangi. Motokaa nyingi zilizotumika zinazoletwa Kenya hutoka Japani. Huko petroli ya kawaida sharti ifike 89, na ile ya bei kubwa 96. Gari lililotengenezwa kwa ile ya kawaida hutosheka na super ya hapa kwetu, ambayo namba yake ni kubwa kuliko 89. Hakuna haja ya kununua petroli ya pekee ya bei ya juu, hata fundi akikusifia namna gani. Lakini kitabu kikidai namba kubwa, kama kwa injini nyingi zenye tabo, kitii. Na ukiona 87 katika kitabu cha Marekani usishtuke. Wao huhesabu kwa njia nyingine, na hiyo ni karibu 91 kwa hesabu yetu.

Wakulima wa Kinangop, kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,400, wana nafuu kidogo. Hewa ya huko ni nyepesi, silinda hubana kidogo, na injini za zamani hazigongi upesi. Lakini gari hilo hilo likiteremka hadi Mombasa na mzigo, nafuu hiyo hwisha.

Hatari kubwa iko kwenye petroli ya mitungi na chupa za kando ya barabara. Nyingine huchanganywa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ndogo sana. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Mafuta ya taa yasiyoungua hushuka chini ya pistoni na kuzimua oili, na injini husagika. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi; iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

Ikiwa gari limeanza kugonga mara tu baada ya kujaza tangi, shusha gia, punguza mzigo, usikanyage sana, na ujazie petroli safi ya kituo. Likiendelea kugonga hata kwa petroli safi, mwambie fundi aangalie majira ya cheche na masizi ndani ya silinda. Injini nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe zisigonge, kwa hiyo huenda usisikie kitu. Utaona tu gari limekosa nguvu mlimani na tangi linakwisha upesi kuliko wiki iliyopita.